Nilipewa Pole ya Mke Asiye Wangu

Mliniacha kwenye kiti cha mrembaji, poda imefika nusu ya uso, simu sikioni. Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana nasema kwa kifupi: Bi Cheko amekufa. Yule mwanamke mliyemwona kila Jumapili jioni akiwa mke wangu kwenye televisheni, aliyekuwa akinicheka mimi Mzee Mnuno mpaka na nyinyi huko nyumbani mkashika mbavu, alianguka jikoni kwake asubuhi na hakuinuka tena.

Leo nawaeleza yaliyofuata. Laiti ningeweza kuyaruka.

Nianze na mazishi.

Nilivaa suti nyeusi, suti yangu mwenyewe, si ya stoo ya mavazi. Mke wangu, huyu niliyemuoa kweli, ndiye aliyeipiga pasi. Alinifunga tai huku akinitazama kidevuni.

"Ukifika kaa nyuma," aliniambia. "Huo msiba una mwenyewe, na mwenyewe si wewe."

"Nitakaa nyuma."

"Na usilie kwa sauti. Ukilia watu watakugeukia."

Tulifika makaburini, tukajipenyeza nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nikainamisha kichwa. Nikadhani nimejificha.

Mwanamke mmoja akageuka kutafuta mtoto wake, akaniona.

"Jamani! Mzee Mnuno huyu hapa!"

Akanishika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni. "Pole baba. Pole sana. Sasa utaishije peke yako?"

Mke wangu alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi, ameukumbatia mkoba wake.

"Asante, mwanangu," nikasema. Ningesema nini?

Kufumba na kufumbua, foleni. Wazee kwa vijana, kila mtu anataka kunipa mkono. Wengine walinikumbatia. Mmoja aliniambia tangu siku ile niliyomfukuza Bi Cheko nyumbani, kwenye tamthilia, alijua nitakuja kujuta. Kisha vijana wa kupanga watu wakanishika viwiko.

"Mpisheni mfiwa! Mpisheni mfiwa apite mbele!"

"Wanangu, mimi si mume wa..."

"Tunaelewa, mzee. Ni uchungu huo."

Nilikaza miguu kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Haikusaidia. Walinisukuma hadi mstari wa kwanza, pale viti vilipopangwa pembeni ya kaburi.

Kwenye kiti cha kwanza alikaa mzee mwembamba, koti limempwaya, mikono mikubwa yenye makovu imelala magotini. Kijana mmoja akamwinamia kwa adabu zote.

"Mzee, samahani. Tupishe kiti hicho akae mumewe."

Yule mzee ni fundi bomba. Ndiye aliyemuoa Bi Cheko, akazaa naye, akaamka naye kitanda kimoja miaka yote ile mimi nikimuaga kila jioni kwenye geti la studio.

Alimtazama kijana. Akanitazama mimi. Heri angefoka. Heri angenipiga kofi.

Aliinuka, akanipisha.

"Kaa, ndugu yangu," nikamwambia. "Tafadhali, kaa. Kiti ni chako."

"Kaa wewe," akasema taratibu. "Watu wanataka kukuona."

Hakukaa, nami sikukaa. Kile kiti kilibaki kitupu katikati yetu.

Jeneza liliposhushwa, watu walijaa mbele na simu zao wamezinyanyua juu. Hawakuwa wanapiga picha jeneza. Walikuwa wananipiga mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nililia. Nililia kwa sauti, kamasi zinanitoka. Sikuigiza hata kidogo. Nilikuwa nimefiwa na mtu niliyekula naye, niliyegombana naye, niliyesinzia naye kwenye viti vya plastiki tukisubiri mvua ikatike ili tupige picha.

Nilipofuta macho nikamtafuta fundi bomba. Umati ulikuwa umemsukuma mbali. Alipofanikiwa kurudi, shimo lilikuwa limeshajaa. Alikuwa ameshika udongo kwenye kiganja, hana pa kuutupa. Akauachia pale pale alipokuwa, juu ya viatu vyake.

Kesho yake picha yangu ilitoka ukurasa wa mbele. Si kwenye gazeti hili, ni kwenye lile jingine. Maandishi makubwa: MNUNO AMLILIA MKEWE.

Mke wangu alilisoma akiwa amesimama mlangoni, kapu la sokoni bado liko mkononi.

"Leo nimepewa pole na muuza nyanya," akasema. "Sijawahi kusikia mtu anafiwa na mke mwenza asiyewahi kuwa naye."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulimpenda?"

"Nani?"

"Usinichezee. Humu ndani hakuna kamera."

"Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwenzake wa kazi, mama watoto. Basi."

Aliliweka kapu chini, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja.

"Mimi sina wivu na marehemu," akasema. "Ila nilikuwa nawaangalia. Kule ulikuwa unamkasirikia, unamnunia, unamfuata mpaka uani kumbembeleza. Ukirudi hapa umeshayamaliza yote. Unakula, unasema asante, unalala. Hata kuninunia huninunii."

Nilitaka kumjibu. Akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu, na mpaka leo sijui kama yale machozi yalikuwa ya vitunguu.

Simu ikalia. Mwongozaji.

Sasa kwa mliojiunga leo, nawaambieni mimi ni nani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini niliitika wito ule.

Mimi sikuwahi kuwa nyota. Kwenye sinema nimekuwa mlinzi wa benki anayepigwa risasi kabla hamjakaa vizuri kwenye viti. Nimekuwa dereva wa tajiri. Nimekuwa hakimu wa kugonga meza, na daktari anayetoka chumba cha upasuaji akivua glavu na kusema, "Tumejitahidi." Nimekuwa maiti, tena maiti hodari, kwa sababu najua kubana pumzi. Watu wakikutana nami dukani walikunja uso na kuniuliza, "Hivi mimi na wewe hatukusoma pamoja?" Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda mpaka mvi zikaniota, ndipo nikapata jina, Mzee Mnuno, na nikapata mke wa kwenye televisheni. Vyote viwili nilivipata siku moja, na bila yeye mimi ni yule yule maiti hodari.

Mwongozaji wetu ni kijana mwenye miwani, mtafuna kalamu. Nilimkuta ofisini kwake amezungukwa na vikombe vya chai vilivyopoa.

"Mzee wangu, pole. Kaa. Nitakuambia bila kuzunguka. Bi Cheko lazima afe."

"Ameshakufa, mwanangu."

"Kwenye tamthilia, mzee."

Akanieleza. Sehemu nzima ya mazishi. Jeneza, kaburi, watu wamevaa nyeusi, na mimi Mzee Mnuno, ambaye mbele za watu sikuwahi kumwambia mke wangu neno tamu, nasimama mbele ya kaburi na kumwambia yote.

"Hapana," nikasema.

"Wenye kituo wamesema mazishi, au tufunge tamthilia. Wameshaona ulivyolia. Nchi nzima imeona. Ukikataa, mzee, si wewe peke yako. Wa taa, wa sauti, mrembaji na ujauzito wake ule, sote tunamwaga unga."

Nikainua macho. Ukutani kulikuwa na picha yetu, mimi nimevimbisha mashavu, Bi Cheko amefungua mdomo wote.

"Siwezi mpaka mwenyewe aseme ndiyo."

"Mwenyewe nani?"

"Mumewe."

"Kwani si wewe?" akatania. Aliponiona usoni, akavua miwani na kuanza kuifuta.

Nilikwenda kwa fundi bomba jioni ile ile. Binti yake mkubwa ndiye aliyenifungulia, macho mekundu, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo baba."

Kutoka ndani sauti ikauliza, "Nani huyo?"

"Ni baba..." Akajikatiza. "Ni Mzee Mnuno."

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Televisheni imefunikwa shuka. Fundi bomba alikuwa amekaa kwenye kochi, mezani ametandika gazeti na juu yake bomba la jikoni alilolifungua vipande vipande. Hakuinuka. Alinionyesha kiti kwa kidevu.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa yale ya makaburini," nikasema.

"Hukuyafanya wewe."

"Na nimekuja kukuomba ruhusa."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akisugua kipande cha shaba kwa kitambaa.

"Kwa hiyo mnataka kumzika tena."

"Kama utakataa, haitafanyika. Nakuahidi."

Alisugua, akasugua.

"Unajua mimi nilikuwa naangalia?" akasema. "Kila Jumapili. Mke wangu anakaa hapo ulipokaa wewe, mimi hapa. Namwona kule kwenye kioo anakucheka mpaka anashika ukuta. Nageuka huku nimwangalie, amesinzia. Kucheka kote alikuwa anakumalizia kwenu. Hapa alileta usingizi."

Nikamkumbuka mke wangu na vitunguu vyake. Nikaona nina kitu kimoja tu cha kumpa mtu huyu.

"Sikiliza, bwana. Siku ya kwanza nilipokutana na marehemu tulikuwa kwenye sinema ya hospitali. Mimi mgonjwa wa kitanda cha pembeni, kazi yangu kugumia tu. Yeye nesi wa kupita na sinia. Nikagumia, akacheka. Mwongozaji akafoka. Lakini mtu mmoja pale akasema hawa wawili waandikiwe kitu. Ndiyo mwanzo wetu. Sasa baadaye nikamuuliza, kicheko kile umekitoa wapi? Akaniambia, 'Si changu, ni cha nyumbani. Mume wangu akicheka, kwanza hatoi sauti, mabega ndiyo yanatikisika, halafu kinamtoka kwa vishindo kama bomba lililoingiwa na hewa. Mimi nimemwibia tu.' Alisema hivyo. Kicheko kile kilichochekesha nchi nzima ni chako."

Fundi bomba aliweka kitambaa chini. Kwa muda kidogo niliona uso wake ukilegea, nikaona jinsi alivyokuwa alipokuwa kijana.

Kisha ukajifunga.

"Nani mwingine alisikia?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Unasema vizuri," akasema. "Kazi yako hiyo. Umeshamwambia mke wangu maneno mazuri kuliko hayo, nami nimekaa hapa naangalia."

"Ni kweli tupu. Naapa."

"Kwenye televisheni umeapa mara ngapi?"

Nimesema uongo mbele ya kamera maisha yangu yote na watu wakaniamini, na siku niliyokuwa na ukweli mdomoni, aliyeuhitaji hakuupokea.

"Fanyeni," akasema akirudia bomba lake. "Sina nguvu za kumzuia mtu. Mtamzikia wapi?"

"Uwanja wa nyuma wa studio. Wanachimba kesho."

"Lini?"

"Ijumaa asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa. Sikujiuliza kwa nini aliuliza.

Ijumaa kukawa na wingu, jambo lililomfurahisha mwongozaji. Shimo lilichimbwa la kufika kiunoni tu, maana kamera haioni chini. Jeneza lilijazwa mawe ili wabebaji waonekane wanaelemewa. Watu wa kujazia, wale wasio na la kusema, walipangwa mistari miwili wakiwa na nguo nyeusi, wengine wanatafuna karanga kimyakimya.

"Haya, twende!" mwongozaji akapaza sauti.

Jeneza likashushwa, nikasimama mbele ya shimo. Nikasema maneno niliyoandikiwa. Macho makavu.

"Kata! Tena, mzee."

Tukarudia. Makavu.

"Kata! Mzee wangu, siku ile ulilia vizuri sana."

"Siku ile sikuwa kazini."

Mrembaji akaja na tumbo lake, akanipaka chini ya macho ile dawa ya mafua inayowasha. Machozi yakaja kweli, ya dawa. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa maiti. Nikanyanyua uso ili nisilitazame lile jeneza la mawe, na macho yangu yakaenda kwa watu wa kujazia, mstari wa nyuma, mwisho kabisa.

Nikaona koti limempwaya mtu.

Baadaye niliambiwa alivyoingia. Msichana wa kupanga watu alimkuta getini, akamuuliza, "Mzee, wewe ni wa msibani?" Akajibu, "Ndiyo." Akawekwa nyuma kwa sababu koti lake lisingependeza kwenye kamera.

Niliacha kila kitu, nikamfuata.

"Umekuja kufanya nini huku?" nikamnong'oneza.

Hakunitazama. Alikuwa analitazama jeneza.

"Kule sikumfikia," akasema.

Nikamshika mkono, nikamtoa kwenye mstari. Watu wakapisha. Nyuma yangu nikasikia kelele.

"Kata! Kata! Mzee, unakwenda wapi? Huyo nani?"

"Ndiye mume."

"Mume gani? Mume ni wewe!"

"Mume wa marehemu, kijana. Ndiye huyu."

Karanga zikaacha kutafunwa. Mrembaji akaziba mdomo kwa kiganja. Mwongozaji alisimama na kalamu yake kinywani, akatutazama wawili, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Tupumzike. Nendeni mkanywe chai. Waacheni wazee."

Uwanja ukawa mtupu. Fundi bomba akasogea ukingoni.

"Ndani kuna nini?"

"Mawe."

"Si kitu," akasema.

Akapiga magoti, goti moja kwanza, kisha la pili kwa taabu. Nikageuka niondoke. Akanidaka mkono wa koti.

"Usiende. Mbele ya watu siwezi kusema. Na peke yangu naogopa."

Nikapiga magoti pembeni yake. Udongo ulikuwa na unyevu, ukapenya suruali.

Kisha akaanza, kwa sauti ile mtu anayoitumia chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa.

"Mama watoto. Sikuwa nasema na wewe. Unajua. Uliponiambia umechoka, unataka kuacha kazi yao, nilikujibu nini? Nilikujibu kaseme huko kwa mumeo. Ukanyamaza. Tangu hapo nikawa nakula nimekupa mgongo. Ulikuwa unaniwekea chakula, naangalia ukuta."

Akajipapasa shavu.

"Asubuhi ile nilikuwa nanyoa ndevu. Nikasikia kikombe kimevunjika jikoni. Nikajua umekitupa kwa hasira. Nikasema moyoni, atakiokota mwenyewe. Nikaendelea kunyoa. Nimemaliza shavu hili, nikahamia hili. Nikanawa. Nikajifuta uso, mama. Nimejifuta uso vizuri kabisa, ndipo nikaja."

Nilimshika begani.

"Ulikuwa bado una joto," akaliambia lile jeneza. "Labda ningekuja na povu usoni... Sijui. Daktari alisema ingekuwa vile vile. Lakini madaktari wanamwambia kila mtu hivyo. Nisamehe. Kama unanisikia kutoka huko walikokulaza, na hapa si kwako, nisamehe hivyo hivyo."

Alichota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga. Ukagonga mbao. Akachota tena. Na mimi nikachota. Tukamwaga mpaka kifuniko hakionekani, wazee wawili na shimo la kufika kiunoni, na sasa sikuhitaji dawa ya mafua.

Aliinuka akiniegemea.

"Sasa nimemzika," akasema.

Nilimsindikiza. Karibu na geti kuna bomba la kunawia, akaosha mikono. Alipolifunga likaendelea kudondosha. Akalitazama, akakunja uso, akaliminya upande kwa nguvu mpaka likanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anafanana na mtu aliye hai.

"Ndugu yangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Yale niliyoyasema pale umeyasikia wewe tu. Wanangu hawajui. Binti yangu, yule aliyekufungulia mlango, aliniuliza baba ulikuwa wapi mama alipoanguka. Nikamwambia nilikuwa nje. Akijua nilikuwa nyuma ya ukuta nanyoa ndevu, hataniita baba tena. Naomba yaishie pale shimoni."

"Yameishia," nikamwambia.

Alinitazama machoni, kwa muda, kama anayepima kitu.

"Nakuamini," akasema. Akanipa mkono. Mkono ule mkubwa wenye makovu, bado una maji.

Nilihisi mzigo ukinitoka mgongoni. Nikawaza nitamwambia mke wangu, si yale ya siri, bali kwamba leo nimefanya jambo moja jema. Nikawaza nikifika nitakaa naye jikoni, nimwache aseme mpaka achoke, na nikikasirika, nikasirike.

Fundi bomba akaweka mkono kwenye komeo la geti.

Mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo. Mwongozaji alikuwa anakuja mbio, miwani imekaa upande, anapunga mikono kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mzee! Mzee Mnuno! Njoo uone! Mpiga picha hakuzima kamera! Tumeipata yote, na sauti imetoka safi, kila neno!"

Nikajishika kifua. Kile kipaza sauti kidogo wanachotubandika ndani ya shati kabla ya kazi bado kilikuwa pale, chini ya tai, kimelala juu ya moyo wangu.

Fundi bomba aligeuka polepole. Hakumtazama mwongozaji. Alinitazama mimi.

"Wamepata nini?" akauliza.